Wote Walijua Kwamba Nitapinda

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki mtu aniambie nisubiri zipoe. Nikisubiri zipoe nitaandika maneno matamu ya kumshukuru kila mtu, na wewe unayeamka asubuhi mgongo umekuwa ubao hutapata humo cha kukusaidia.

Naitwa Yustina. Nina saluni ya nywele Kawajense, hapa Mpanda mjini. Mume wangu ni Masanja, na tuna binti mmoja, Neema, anayesoma shule ya msingi. Nimezaliwa Kabungu, kwa wakulima wa mahindi na tumbaku. Ugonjwa wangu ni wa uvimbe unaoshika maungio ya chini kabisa ya mgongo, pale kiuno kinapokutana na makalio. Kwa baadhi ya watu uvimbe huo hupanda juu taratibu, mpaka mifupa ya uti wa mgongo inashikana na mtu anapinda. Kwa baadhi ya watu. Karibu kila niliyekutana naye aliyaruka maneno hayo.

Ulianza mwishoni mwa mvua, wakati watu wa Mwamkulu wanavuna mpunga na saluni inajaa mpaka nje. Liliuma tako la kulia, likaacha, likauma la kushoto, kama yanapeana zamu. Baada ya muda asubuhi zikaharibika. Nilikuwa naamka nimekauka. Sisemi nimechoka, nasema nimekauka. Ili nitoke kitandani ilinibidi nigeuke ubavu, nishushe miguu, nishike ukuta, nitulie, ndipo nisimame nikiwa nimeinama kama mtu anayetafuta kitu mvunguni. Kufunga sidiria niliomba msaada. Kupiga chafya niliogopa.

Halafu ugonjwa huu una ubaya wake mwingine. Ukikaa unakukaza, ukifanya kazi unakuachia. Kufika saa sita nilikuwa nimesimama nasuka, nacheka na wateja, nabeba ndoo ya maji ya kuoshea nywele. Kwa hiyo wifi yangu Kabula, dada yake Masanja, aliyekuwa akiishi kwetu na kunisaidia pale saluni, alipata la kusema.

"Wifi, ugonjwa gani huo unaoisha jua likishatoka?"

"Hata mimi sijui."

"Mimi naujua. Kwetu tunauita uvivu."

Alisema mbele ya wateja. Wakacheka, na mimi nikacheka. Mpaka leo kicheko changu kile kinaniudhi kuliko maneno yake.

Kiangazi chote cha mwaka ule nilimeza dawa za UTI. Nikamaliza, nikapewa nyingine za UTI. Nikaambiwa ni taifodi. Nikaambiwa ni uzazi, kwamba nyonga zilifunguka nilipomzaa Neema na hazikujifunga. Mama mmoja alinichanja chale kiunoni akapaka unga mweusi, nikatembea wiki nzima nguo zimenigandia. Nilichomwa sindano za maumivu palepale panapouma, na kila sindano ilinipa siku mbili tatu za kuamka kama mtu. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini.

Mwishowe, hospitali moja ambayo sitaitaja, nilipigwa eksirei. Daktari alikuwa kijana wa umri wangu. Aliinua picha dirishani, akaitazama muda mfupi kuliko anaotumia mteja wangu kuchagua rasta, akatabasamu.

"Dada, mgongo wako mzuri kuliko wangu."

"Mbona siwezi kuinuka asubuhi?"

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Ongeza wa pili. Nyie kina mama mkiwa na nafasi mnaanza kusikia vitu."

Nikamwambia nina kaka aliyepinda mgongo, na yeye alianza kwa kuumwa hivihivi. Akatikisa kichwa. "Huo ni ugonjwa wa wanaume. Lakini sawa, ukiona mgongo unaanza kupinda, rudi."

Ukiona unaanza kupinda, rudi. Yaani niende nikaharibike kwanza, halafu nije na ushahidi. Nilitoka na ile picha mkononi na karatasi ya Panadol, nikasimama juani pale nje nikitamani niwe nimevunjika kitu kinachoonekana.

Sasa nieleze kuhusu kaka yangu. Fabiani ndiye mkubwa wetu. Alianza kuumwa akiwa kijana wa kulima tangu alfajiri, na nyumbani hatukujua la kufanya. Waganga wakasema amerogwa, wakamtaja baba yetu mdogo, aliyekuwa na shamba lililopakana na letu. Baba na mdogo wake hawakusemezana tena mpaka baba akaingia kaburini. Zahanati wakasema apumzike, alale juu ya kitu kigumu, asishike jembe. Basi Fabiani akalazwa kwenye mbao. Alilala misimu miwili ya mvua, akivuta tumbaku ya kusokota kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya, na sisi tukimletea chakula palepale tukijiona tunamtunza vizuri. Alipoinuka, aliinuka hivyo alivyo leo. Shingo haigeuki. Ukimwita anageuka mwili mzima. Akitaka kukuona usoni inabidi akunje magoti na kuegemea nyuma. Watoto wa pale kijijini wanamwita Tafuta Sindano.

Kwa hiyo nilipompigia mama simu nikamwambia naamka nimekauka, nikamsikia analia.

"Ilianza hivyohivyo," akasema. "Tako hili, tako hili. Fabiani alianza hivyohivyo."

Tangu siku ile mama alianza kuniombolezea, na mimi bado napika ugali. Alipiga simu kila asubuhi kuuliza kama nimeshapinda. Alimwambia Masanja asiniache niiname. Alimwambia jirani, jirani akamwambia binti yake, na binti yake ni mteja wangu. Ikawa nikimsuka mtu namwona kwenye kioo ananipima mgongo. Upande mmoja nina daktari anayesema sina kitu. Upande mwingine nina ukoo mzima unaosema nimekwisha. Na wote walikuwa na uhakika.

Kilichoniokoa ni jicho. Kiangazi kilichofuata, wakati wa vumbi lile jekundu, jicho la kushoto lilivimba likawa kama limemwagiwa damu. Duka la dawa wakanipa matone, wakasema ni macho mekundu ya kawaida, yanaambukiza, nisiguse watu. Nikafunga saluni. Lakini halikutoa uchafu, liliuma tu, hasa nikitazama mwanga. Niliingia kliniki ya macho nimejifunika kanga kichwani kama bibi harusi.

Mganga wa macho alikuwa mtu mzima, mpole, sauti ya chini. Alinimulika, akanimulika tena.

"Hili si vumbi," akasema. Kisha akauliza, "Mgongo wako unaamkaje?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mgongo?"

"Asubuhi. Unaamka mwepesi au mgumu?"

Nilianza kulia, na kulia na jicho lile ni kama kulitia pilipili. Sikuweza kunyamaza. Watu wote niliowaendea na mgongo waliniuliza mambo ya uzazi, na mtu wa macho ndiye ananiuliza kuhusu mgongo. Alinipa matone mengine, akaniandikia niende Mbeya, akaniambia, "Usikubali kurudishwa njiani."

Nilisafiri peke yangu. Masanja alibaki na mtoto. Toka Mpanda mpaka Mbeya ni kutwa nzima kwenye basi, na sehemu kubwa nilisimama nikishika viti, abiria wakinishangaa kwamba nimelipia siti na siikalii. Niliposhuka na ile baridi ya kule, nilitembea kama mzee wa miaka tisini.

Waliotengeneza mabenchi ya hospitali hawajawahi kuumwa mgongo. Kila nilipokaa mgongo ulikaza, kila niliposimama kutembeatembea mlinzi alinifuata. "Mama, kaa chini, unawavuruga wenzako." Nikakaa. Nikasimama. Akaja tena. Kwenye benchi kulikuwa na mama mmoja wa Tukuyu aliyemleta mumewe. Hakuniuliza jina. Alivua kitenge cha juu, akakitandika sakafuni nyuma ya benchi, akanivuta mkono. "Lala hapa ujinyooshe, mwanangu." Mlinzi alipokuja, yule mama alimwambia, "Mwache. Akiitwa nitamwamsha mimi." Nililala chini ya miguu ya watu, mgongo sakafuni, nikapumua. Sikumwona tena mama yule, lakini kati ya watu wachache ambao siwadai chochote, yeye ni wa kwanza.

Daktari alikuwa mwanamke. Hakuanza na picha, alianza na mimi. Alinisimamisha visigino ukutani aone kama kichwa kinagusa. Akaniinamisha bila kukunja magoti, akanipima kwa futi ya kamba kama fundi nguo. Akanizungushia futi kifuani nikivuta pumzi. Nilitolewa damu, na baadaye nikaingizwa kwenye kile kipimo cha MRI, bomba lenye kelele kama mtu anagonga bati kichwani kwako. Nilikaa Mbeya kwa ndugu wa mbali nikisubiri majibu, wiki ya kwanza, wiki ya pili.

Siku ya majibu aligeuza kompyuta nione. "Eksirei yako haikuonyesha kitu kwa sababu mfupa bado haujaharibika. Hapa unaona huu weupe? Huu ni uvimbe. Unaumwa kweli, Yustina. Hukujitungia."

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia, bila kukasirika.

Basi nikamuuliza lile swali. "Kaka yangu amepinda. Na mimi nitapinda?"

"Sijui."

"Nimetoka Mpanda nimesimama kwenye basi. Nimekaa hapa wiki mbili. Uniambie hujui?"

"Nikikwambia ndiyo nitakudanganya. Nikikwambia hapana nitakudanganya pia." Akaweka kalamu chini. "Wapo wanaobaki hivi ulivyo maisha yao yote. Wapo wanaokwenda haraka. Kuna mambo yanayonitia wasiwasi nikiyaona: sigara, kuwa mwanamume, mifupa iliyoanza kushikana tangu picha ya kwanza, damu inayoonyesha uvimbe mkali. Kwako nina la damu tu. Hayo mengine huna. Tuanze dawa, uwe unakuja nikupime. Baada ya miaka miwili tutapiga picha nyingine niiweke pembeni ya hii. Hapo nitakuwa na la kusema, na bado litakuwa dogo."

Nilimchukia. Niseme wazi. Nilitoka pale nikimwona kama wale wengine, tena yeye mbaya zaidi kwa sababu ana mashine. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba katika watu wote hao, yeye tu ndiye aliyekataa kunidanganya.

Dawa zilikuwa vidonge vya kupunguza uvimbe, vya kumeza kila siku na chakula, na vingine vya kulinda tumbo. Na mazoezi. Kila asubuhi kabla ya chochote: kujinyoosha, kujikunja, kuegemea ukuta, kutembea. "Kulala si dawa yako," aliniambia. "Ukilala unausaidia ugonjwa." Nilifikiria mbao za Fabiani na misimu ile miwili ya mvua.

Kabla sijaondoka Mbeya, asubuhi moja nilijikuta nawasha jiko la mkaa la mwenyeji wangu, na maji nimeshayainjika, ndipo nikakumbuka kwamba sikushika ukuta kuinuka. Nilikaa pale jikoni nikijigusa kiuno kama mtu aliyepoteza pochi.

Nikarudi Mpanda na furaha yangu. Nikapitia saluni kabla ya nyumbani. Juu ya mlango, palipokuwa na jina langu, palikuwa na rangi mpya: Saluni ya Kabula.

Masanja hakukana. Tulisimama uani, yeye akitazama chini.

"Nilikuwa nakufikiria wewe," akasema.

"Umenifikiria nini?"

"Fabiani nimemwona, Yustina. Kazi ya kusimama hutaiweza. Mwaka mmoja, miwili. Bora Kabula aizoee mapema, tusije kukosa yote."

"Nani amekwambia mwaka mmoja, miwili?"

"Kila mtu anajua."

"Daktari hajui! Nimemuuliza mwenyewe, hajui. Nyie mmejulia wapi?"

Akanionyesha kiti. Alikuwa amenitengenezea kiti cha mbao, mgongo mrefu, mikono imepigwa randa vizuri, amekiweka barazani. "Cha kupumzikia," akasema. Masanja si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikata zaidi. Kingekuwa kitendo cha mtu mbaya ningejua pa kutema mate. Nilikitazama kile kiti nikaona maisha yangu yote yaliyobaki, nimekaa pale, nawaangalia watu wanapita kwenda kusukwa kwa Kabula.

Nikafungasha nguo, nikamchukua Neema, shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda Kabungu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na watu wanapanda. Nilifikiri kwa mama nitapumua. Mama alininyang'anya jembe mlangoni. Alininyang'anya mchi. Nikiinuka kufanya mazoezi asubuhi analia kwamba najimaliza. Nilivumilia kwa sababu ni mama.

Mpaka jioni niliyomkuta anamwogesha Neema nyuma ya nyumba. Alikuwa ameacha kusugua. Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye uti wa mgongo wa mtoto, pingili kwa pingili, kinasimama, kinabonyeza, kinaendelea. Neema ametulia na povu mabegani, hajui kinachotafutwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Naangalia tu."

"Unaangalia nini?"

"Anakaa amejikunja akila. Nimemwona."

Nilimvuta mtoto na sabuni yake. Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. "Ana miaka saba! Mimi umeshanizika, sasa na yeye? Na yeye umemchimbia?"

Mama hakurudi nyuma. Alisimama na maji yanamchuruzika mikononi. "Nilikaa na Fabiani nikisema atapona," akasema. "Kila siku nikisema atapona. Nikasema atapona mpaka akapinda mbele ya macho yangu. Ujinga ule siurudii, Yustina. Siurudii."

Fabiani alikuwa ametokea upande wa bani la kukaushia tumbaku. Alisimama, akakunja magoti, akaegemea nyuma ili atuone.

"Mmemaliza?" akauliza. "Mnagombana juu yangu kama marehemu, na mimi nipo hapa. Mama, mimi sikufa. Nalima. Nina mke na watoto, wanakula. Na wewe Yustina, tangu umefika hapa hujanitazama usoni hata mara moja. Unaongea na kofia yangu. Unaogopa nini? Mimi si kesho yako. Mimi ni Fabiani."

Neema alikuwa anatetemeka kwa baridi. Mama akamfunika kanga. Kisha Fabiani mwenyewe akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia mbolea: "Huyo daktari wako anapokea na watu ambao wameshapinda?"

Nilikwenda naye kliniki iliyofuata, mvua zikiwa zimekolea. Kwenye foleni watu walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi, na niliona hesabu ikifanyika usoni mwao. Safari hii niliwakodolea macho mpaka wakageukia pembeni.

Daktari alimpima kama alivyonipima mimi. Kichwa chake kilikuwa mbali na ukuta kiasi kwamba hakuhitaji futi. Fabiani alisubiri amalize kuandika.

"Ningekuja mwanzoni," akasema, "ungeona?"

Daktari akamgeukia. "Picha yako ya kwanza sina, kwa hiyo sina uhakika ningeona nini. Lakini vidonge anavyomeza dada yako vilikuwepo wakati ule. Mazoezi yalikuwepo. Siwezi kusema usingepinda. Naweza kusema ungeumia kidogo, na huenda ungepinda kidogo."

"Walinilaza."

"Nani?"

"Wote," Fabiani akasema. "Kwa wema."

Nilitaka kuvunja kitu. Vidonge vilikuwepo! Vidonge ambavyo hata Mpanda vinapatikana, si dawa za ajabu. Kijana mzima amelazwa kwenye mbao misimu miwili, ndugu wametengana mpaka kaburini kwa kumsingizia mtu uchawi, na kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza unaamkaje asubuhi. Hasira ile bado ninayo. Sitaiacha, na sidhani kama napaswa kuiacha.

Fabiani hakulia. Alisema, "Basi nipe na mimi," akapewa. Mgongo hautanyooka, aliambiwa hivyo wazi. Lakini uvimbe kwake bado ulikuwa unawaka, na huo unapozwa. Haikupita muda mama akanipigia simu amechanganyikiwa: jua limeshatoka na Fabiani hajatoka nje, amekwenda kumsikiliza kama anapumua. Alikuwa amelala. Miaka mingi hakuwa amelala mpaka jua litoke. Tumbaku amepunguza, hajaacha, na mimi simsemi. Na siku moja, bila kumuaga yeyote, alikwenda kwa baba mdogo akamwambia ugonjwa una jina na jina lenyewe si lake. Baba mdogo alilia uani kwake mbele ya wajukuu. Baba yetu hakuwepo kusikia.

Nilirudi Kawajense shule zilipofunguliwa. Nilimwambia Masanja mambo mawili: jina langu lirudi juu ya mlango, na kliniki ijayo tunakwenda wote, aisikie "sijui" kwa masikio yake. Kiti nilimpa jirani mwenye mguu mbovu, akashukuru sana. Kabula alifuta jina lake mwenyewe. Bado tunafanya kazi pamoja, yeye kiti cha pili. Hatupendani sana, ila kichwa changu anasuka yeye, na hanivuti nywele.

Usidhani kulikuwa na mteremko tangu hapo. Mvua zilizofuata vidonge vilinichoma tumbo, ikabidi nibadilishiwe. Kuna kipindi vilikosekana madukani, na katika wiki chache nikarudi kushika ukuta. Jicho lilirudi mara moja, nikaliwahi. Zipo asubuhi nasuka nimeuma meno na mteja anadhani nina dharau. Na kila mwezi yupo mtu wa kuniuliza, kwa huruma, kama nimeanza kupinda.

Miaka miwili ilipotimia tulikwenda Mbeya mimi na Masanja. Nikaingizwa tena kwenye lile bomba la kelele. Daktari aliweka picha mbili kwenye kompyuta, ya zamani kushoto, mpya kulia. Alizitazama muda mrefu, akirudi huku, akirudi huku.

"Uvimbe umepungua," akasema. "Kwenye mfupa sioni tofauti."

Masanja akasimama, akapiga makofi. "Kwa hiyo hapindi!"

"Sijasema hivyo. Nimesema miaka hii miwili hajapinda. Naweza kusema nina matumaini zaidi kuliko mwanzo. Aendelee, na aje."

Masanja alirudi kukaa. Nilimwona akihangaika na jibu lile kama nilivyohangaika nalo mimi siku ya kwanza, na sikumsaidia.

Wewe unayesoma haya, kama unaamka umekauka na kufika mchana unafunguka, kama maumivu yanakuja ukilala na kuondoka ukitembea, hujazua na si uvivu. Mwambie anayekutibu maneno hayohayo. Eksirei nzuri isikufukuze hospitali. Jicho likiwa jekundu na linauma, taja na mgongo. Usikubali kulazwa. Na kama una ndugu aliyepinda, mpeleke na yeye, usimwangalie kama kioo. Yeyote atakayekwambia anajua utakavyokuwa, mwulize amejulia wapi.

Tuliporudi, nilimfikisha Masanja nyumbani nikaenda Kabungu peke yangu, kumwambia mama uso kwa uso. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Sumbawanga, makali, miaka miwili ya maneno. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya karanga za mbegu.

"Wamesemaje?"

"Picha hazijabadilika."

Mikono yake ikasimama. "Na huko mbele?"

"Hawajui."

Nilisubiri alie. Nilisubiri aniambie Fabiani naye alikaa hivyo mwaka mmoja miwili kabla ya kupinda, ili nami nianze yangu. Mama alitazama ungo wake, akapuliza maganda, akapitisha vidole kwenye karanga.

"Basi na sisi hatujui," akasema.

Akanisogezea ungo. Nilikaa, mgongo ukaanza kukaza, nikasimama, nikauegemeza ungo kiunoni, na nikamenya karanga nimesimama. Mama aliniangalia, na hakuniambia nikae.